Mtani Kachukua Golikipa

Kitanda kilikuwa kitupu!

Ndivyo tulivyoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wengine mlinikasirikia. Mwalimu Modesti alikuwa amesimama mlangoni mwa bweni la Chuo cha Ualimu Mtondoo, asubuhi ya siku ya fainali, filimbi shingoni, anakikodolea macho kitanda cha Likwata. Shuka limetandikwa vizuri. Viatu vya mpira viko chini. Golikipa hayupo.

"Rashidi!" aliita.

Rashidi, kapteni wa timu, alitokea na mswaki mdomoni.

"Likwata yuko wapi?"

"Kachukuliwa, Mwalimu."

"Na nani?"

"Sikumwona vizuri. Nilikuwa kisimani. Niliona lori la ushirika linaondoka, naye kakaa nyuma na mzee mmoja, ananipungia mkono."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikampungia."

Modesti alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kwa yule anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, hebu nimpe kipande kimoja, mengine atayaokota njiani. Mtondoo walikuwa mabingwa wa vyuo vya mkoa enzi zote za kocha Fakihi. Kisha Fakihi akahamia Chuo cha Kilimo Nambiru, huko bara, alikoahidiwa nyumba ya bati. Wala hakuhama peke yake. Aliondoka na senta fowadi, akaondoka na beki, akaondoka na winga. Modesti, kijana wa Kimatumbi kutoka Mitole, akakabidhiwa filimbi na timu iliyobaki mifupa mitupu. Mwaka wake wa kwanza walifungwa hadi na wapishi wa hospitali. Mwaka huu wa pili alimpata golikipa, Likwata wa Mchinga, na timu ikasimama. Sasa wako fainalini, na wanaokutana nao ni Nambiru hao hao wa Fakihi.

Mkuu wa Chuo, Bi Scholastica, ni mama asiyezungusha maneno. Alikwisha kumwita ofisini akamwambia, "Mwalimu Modesti, nataka kombe. Ukilikosa, nitamwomba Fakihi arudi, na wewe utabaki na somo lako la jiografia."

Basi fikiria mwenyewe hali ya kijana huyo mbele ya kitanda kitupu.

"Ni Fakihi!" alifoka. "Watatu hawakumtosha!"

Akatoka mbio.

Nambiru walikuwa wamekwisha kufika. Lori lao lilikuwa limeegeshwa kando ya shamba la muhogo la chuo, na vijana wa jezi za njano walikuwa wakinywa uji. Fakihi mwenyewe alikaa kigodani, kofia imenyooka, kikombe cha kahawa mkononi, mguu juu ya mguu.

"Nirudishie golikipa wangu!"

"Kwanza salamu, kijana."

"Shikamoo. Nirudishie golikipa wangu."

"Marahaba. Sina."

"Unaye! Uliwachukua watatu, leo umemchukua wa nne!"

Fakihi alikunywa funda la kahawa. "Wale watatu niliwachukua mchana kweupe, wazazi wao wamekaa mkekani. Gregori! Hebu njoo. Mwambie Mwalimu nilivyokupata."

Gregori, senta fowadi mrefu aliyewahi kuvaa kijani cha Mtondoo, alikuja akiangalia chini. Kumtazama usoni kocha wa chuo alichokihama kulimpa aibu.

"Ulikuja nyumbani, Mwalimu. Ukaongea na baba. Ukarudi tena, ukaongea na mjomba."

"Umesikia?" Fakihi akamgeukia Modesti. "Mimi siibi mchezaji. Mimi naposa. Haya, wewe Likwata ulimposaje?"

Modesti alifungua mdomo. Kisha akaufunga, maana alikumbuka.

Ilikuwa Mchinga, barabarani, mwanzoni mwa muhula. Lori la nazi lilikuwa linapakiwa. Watu walirusha nazi kutoka chini, na juu ya lori alisimama kijana mmoja akizidaka kwa mikono miwili, kwa mkono mmoja, hata zile zilizorushwa ovyo nyuma ya mgongo wake. Modesti alisahau alikokuwa anakwenda. Akauliza: kijana kamaliza darasa la saba, kafaulu, yupo tu nyumbani. Mwaka ule vyuo vilikuwa vinapokea vijana wa darasa la saba wawe walimu, maana kila kijiji cha ujamaa kilitaka shule yake. Mambo yote yalikuwa tayari. Kilichobaki ni baba.

Baba alikuwa pale pale, Mzee Dadi, Mmwera. Na Mmatumbi akikutana na Mmwera, jamani, adabu huwekwa kando kwanza. Hao ni watani tangu mababu.

"Wewe Mmwera!" Modesti alimwambia. "Nani kakuruhusu kumbebesha nazi mtumwa wangu huyu? Namchukua akanifulie suruali."

"Suruali ipi?" Mzee Dadi akajibu. "Mmatumbi gani mwenye suruali ya pili ya kufua? Mchukue! Mchukue na mama yake, akakufundishe kuoga!"

Watu wakaangua kicheko. Modesti akacheka mpaka machozi. Likwata akaruka chini kutoka kwenye lori la nazi, akaparamia lori la chuo, naye anacheka. Mzee Dadi akabaki barabarani anapunga mkono, kicheko hakijamwisha.

Basi. Hakuna neno jingine lililosemwa.

"Ulirudi?" Fakihi aliuliza, Modesti alipokwisha kumsimulia.

"Kurudi wapi?"

"Kwa baba mtu! Utani ukiisha, mtu hurudi na mtu mzima, anavua viatu, anasema maneno ya kweli."

"Lakini mwenyewe alisema nimchukue!"

"Alisema kwa utani."

"Nami nikamchukua..."

"Kwa utani," Fakihi akamalizia. "Na leo nimemwona mwenyewe kaja kuchukua chake, kwa utani vilevile. Utamshtaki kwa nani? Mtani akimbeba kuku wako, wewe unacheka."

Modesti hakucheka.

Wakati huo Bi Scholastica alikuwa amefika. Habari chuoni haikawii. Alisimama, funguo za Land-Rover ya chuo mkononi, akauliza swali moja tu.

"Nani anaweza kusema na huyo mzee akasikilizwa?"

Modesti mwenyewe hafai, kila neno lake kwa Mzee Dadi ni mzaha. Bi Scholastica ni mgeni Mchinga. Rashidi ni mtoto.

"Mimi nimezaliwa Mchinga," Fakihi alisema taratibu, akiitazama kahawa yake. "Mzee Dadi ndiye aliyenifundisha kuogelea."

Hapo, msomaji, Modesti alimeza mate machungu. Mtu pekee aliyeweza kumrudishia golikipa alikuwa ndiye atakayecheza naye saa kumi.

"Mwalimu Fakihi," alisema, "nakuomba."

"Unaniomba nikusaidie unifunge?"

"Nataka mechi ya haki."

"Acha hotuba. Unaniomba au huniombi?"

"Nakuomba."

Fakihi alitabasamu, akakiweka kikombe chini. "Twende."

Alikubali upesi mno. Modesti angejiuliza kwa nini, lakini mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa amekwisha kuingia kwenye gari.

Bi Scholastica aliendesha mwenyewe, na aliendesha anavyoongoza chuo. Kuku wa barabara yote ya Mchinga walijua anapita nani. Walimkuta Mzee Dadi amemaliza sala ya adhuhuri, amekaa kwenye mkeka barazani. Nyuma yake Likwata alikuwa anamenya muhogo, jezi yake ya kijani bado mwilini. Alipowaona hakuinua kichwa.

"Hodi hapa!"

"Karibuni! Ah! Mmatumbi!" Mzee Dadi akapiga makofi. "Nimekuibia leo, eh? Umekuja kulia? Kalie pale jikoni, ukauzime moto!"

Ulimi ulimwasha Modesti. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, jibu tamu, lingewavunja watu mbavu. Fakihi akamfinya kiwiko.

Modesti akavua viatu, akainama.

"Shikamoo, Mzee."

Kicheko cha Mzee Dadi kilikatika.

"Leo unaniamkia?"

"Leo si utani, Mzee."

Mzee aliitazama miguu yake mitupu. Kisha akasogea, akawapa nafasi mkekani. "Marahaba. Kaeni."

Fakihi alianza kusema, na tumpe haki yake, mtu yule alijua kusema. Hakumtetea Modesti. Alisema kijana huyu kakosa, kachuma embe la watu kwa kicheko. Alisema mwana hatolewi barabarani kama furushi la korosho. Aliomba radhi kwa niaba yake, kwa niaba ya chuo, kwa niaba ya ujana wenyewe. Bi Scholastica akawa anatikisa kichwa kukubali. Hata Modesti alijikuta anaona kweli mtu aliyefanya hayo anastahili viboko.

Mzee Dadi alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilicheka," alisema. "Nilipunga mkono nikicheka. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yake, mtani kaondoka na mwanao, atamleta jioni. Akampikia. Jioni ikafika, chakula kikapoa. Kumbe pale barabarani nilikuwa namuaga mwanangu, nami sijui kama namuaga."

Mzee alinyoosha ncha ya mkeka kwa kidole.

"Na kukasirika sikuweza. Mtani hakasirikiwi. Ningekasirika, Mchinga nzima ingenicheka. Nikakaa nayo moyoni. Kila siku nasema, leo atakuja yule Mmatumbi na mtu mzima, atasema maneno. Hukuja."

Modesti alihisi macho yanamchoma. Alikuwa ameandaa maneno mengi ndani ya gari, yakampotea yote.

"Nisamehe, Mzee. Nilidhani tumeelewana. Nilikosa."

"Nimekusamehe. Hilo limekwisha."

Modesti akashusha pumzi. Saa nane ilikuwa haijapita. Golikipa angekula, angelala kidogo, angeingia golini. Alikuwa anajiinua.

"Bado," alisema Mzee Dadi. "Kaa."

Akakaa.

"Shule siikatai. Likwata atarudi Mtondoo awe mwalimu, nami nitajivuna. Lakini mwana humpa yule aliyekuja na maneno. Leo hapa aliyesema maneno ni nani?"

Wote wakamtazama Fakihi. Fakihi akatazama makuti ya paa.

"Basi mpira acheze chini ya Fakihi. Wewe, mtani, nakupenda, lakini mwanangu sikupi. Utamgeuza mzaha tena."

"Mzee," Modesti alisema, "Fakihi ni kocha wa Nambiru. Ndio tunaocheza nao leo!"

"Basi arudi Mtondoo. Mkuu wenu si huyu hapa?"

Bi Scholastica aligeuka polepole. "Mwalimu Fakihi, ungependa kurudi?"

"Mimi sikulisema neno hilo," Fakihi alijibu haraka. "Wote mashahidi. Limetoka kwa mzee wangu. Ila kwa kweli, Bi Mkuu, maji ya Nambiru yana chumvi, na ile nyumba ya bati inavuja. Wazee wakisema, mimi nani nikatae?"

Ala! Hapo Modesti aliiona njia nzima aliyopitishwa, tangu kigodani mpaka mkekani, na kila hatua aliitembea kwa miguu yake mwenyewe, akiomba.

Angeweza kukataa. Angerudi na timu yake, amweke golini kijana yeyote, wafungwe. Filimbi ingemtoka hata hivyo, lakini ingemtoka jioni. Alimtazama Likwata.

"Unataka kudaka leo?"

"Nataka, Mwalimu. Sana. Lakini baba kasema."

"Na wenzako?"

"Wamefanya mazoezi mwaka mzima," Likwata alisema, akakiweka chini kisu cha muhogo.

Modesti aliivua filimbi. Ilimuuma, tusifichane. Timu ile aliiokota njia panda ya Nangurukuru, gatini Kilwa Masoko, juu ya malori ya nazi. Aliifundisha kupanga ukuta kwa kutumia mafiga ya jikoni. Alimnyooshea Fakihi filimbi, na Fakihi akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Mpe kijana viatu vyake," Modesti alisema. "Viko chini ya kitanda."

Mzee Dadi alivaa kanzu safi. "Nami nakuja. Sijawahi kumwona akidaka mpira."

Wakapanda gari, wakarudi mpaka karibu na chuo. Kisha Bi Scholastica akauliza bila kugeuka.

"Fakihi, na saa kumi utakaa upande gani? Nambiru hukuwaaga."

Fakihi alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Bi Mkuu, wale wangu, hawa wangu. Leo sishindwi!"

Uwanja ulikuwa umejaa. Vijiji vyote vya jirani vilishusha watu, vijana wa TANU wanapiga ngoma, wauza machungwa wanapita. Fakihi alipokanyaga uwanja, timu zote mbili zilisimama. Vijana wa njano walimpungia. Yeye akawapita moja kwa moja, akaenda kwenye kiti cha upande wa kijani, kiti cha Modesti, akakaa mguu juu ya mguu. Rashidi alimtazama, akamtafuta Modesti kwenye umati, asielewe.

Modesti alisimama karibu na kibendera cha kona. Hakuwa na kazi. Mikono hakujua aiweke wapi, akaitia mfukoni, akaitoa.

"Mwalimu."

Alikuwa Gregori, kwenye jezi yake ya njano.

"Mwalimu Fakihi katuacha."

"Nimeona."

"Hata kutuaga hakutuaga. Mimi nilihama chuo kwa ajili yake." Gregori alionyesha upande wa njano. "Mwalimu wetu mwingine anafundisha mifugo, mpira haujui. Tumeshauriana na wenzangu. Tunajua tuliwaumiza Mtondoo. Lakini kiti chetu kitupu."

Modesti alimtazama Fakihi kule mbali, amemkumbatia Rashidi bega akimweleza jambo. Alimtazama Bi Scholastica, mama aliyetaka kombe na bado analitaka. Nyuma ya goli la kijani alimwona Mzee Dadi kwenye kanzu yake, anampangusia mwanawe vumbi la jezi kwa kiganja.

Refa alikuwa anaita timu.

Modesti akaanza kutembea. Alikata uwanja katikati, watu wakaanza kunong'ona. "Anakwenda wapi yule? Modesti! Njia si hiyo!" Akafika upande wa njano, akavuta kiti, akaketi. Kule ng'ambo, mguu wa Fakihi ulishuka kutoka juu ya mwenzake.

"Sogeeni," Modesti aliwaambia vijana. Wakamzunguka. "Yule golikipa nimemfundisha mimi. Mpira wa juu msihangaike nao, ataudaka hata akiwa usingizini. Pigeni chini. Kushoto kwake, karibu na mguu. Mimi na yeye tu ndio tunaojua."

Likwata alikuwa golini. Kila mechi, kabla ya filimbi, humtafuta kocha wake kwa macho, na kocha humwinulia kidole gumba. Alitazama kiti cha kijani, akamwona Fakihi. Akatazama kona. Akazungusha macho uwanja mzima mpaka akamkuta alipo, miongoni mwa jezi za njano, na uso wake ukabadilika.

Modesti hakuweza kuinua kidole.

Filimbi ikalia. Gregori akaupokea mpira wa kwanza, akampita Rashidi, akamwacha beki amekaa chini, akabaki na Likwata peke yake. Akainua mguu wa kulia, na mpira ukaenda chini, kushoto.